Kete, trei ya mayai na daftari la hesabu

Watoto wengi wanaoanza darasa la kwanza huja shuleni wakiwa na namba mdomoni. Ukimwambia mmoja wao ahesabu, atasimama wima, mikono nyuma, akuimbie moja hadi ishirini bila kukwama, na mzazi aliyemsindikiza atatabasamu, tena kwa haki, kwa kuwa wimbo huo amemfundisha yeye. Lakini mwekee mtoto huyohuyo rundo la vizibo vya soda mezani, umwombe akupe saba, ndipo utakapoyaona mambo. Mmoja atakukabidhi gao la mkono kama lilivyo, mwingine atahesabu huku kidole kikikimbia kuliko ulimi, na wa tatu atahesabu vizuri kabisa mpaka saba, kisha ukimuuliza, "Haya, ni vingapi?" ataanza upya moja, mbili, tatu, kwa sababu hajatambua kwamba neno la mwisho alilolitamka ndilo lililokuwa jibu.

Nimefundisha madarasa ya chini katika shule za msingi mkoani Tanga kwa muda mrefu, na ninayoyaandika hapa yametokana na kazi hiyo, pamoja na kusoma kidogo yale yaliyochunguzwa na wataalamu. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Rochel Gelman na Randy Gallistel, walieleza mwaka 1978 kwamba kuhesabu si stadi moja bali ni stadi kadhaa zilizosukwa pamoja: kila kitu kipewe neno moja tu, maneno yafuatane kwa mpangilio usiobadilika, na neno la mwisho litaje idadi ya vitu vyote. Mwaka 1990 mwenzao Karen Wynn akaonyesha kwamba watoto wadogo huanza kwa kuelewa moja ni ngapi, baadaye sana mbili, baadaye tena tatu, na hatua hizi hutenganishwa na miezi, hata kama muda wote huo wanaweza kuitaja kumi bila wasiwasi. Wimbo, basi, humpa mtoto mpangilio wa maneno peke yake. Hayo mengine hayaimbwi. Yanahitaji mikono kushika, kuhamisha na kutenganisha vitu mara nyingi mno, na hakuna mtoto wa miaka sita atakayekubali kufanya hivyo asubuhi nzima kwa kuamriwa. Akiwa anacheza atakubali, na kesho atadai tena.

Hata hivyo sitaki kujiunga na wale wanaosema kwamba mtoto aachwe acheze na hesabu itakuja yenyewe. Msimamo wangu ni kwamba mchezo hufundisha hesabu pale tu namba inapotamkwa wakati kete inasogea, na kwamba faida yake hubaki uwanjani ikiwa hakuna mtu mzima anayemsaidia mtoto kuihamishia kwenye daftari. Nitaeleza kwa michezo michache ninayoitumia mwenyewe.

Mchezo ninaouanzisha kila Januari hauhitaji chochote ila chaki na sakafu. Ninachora vyumba kumi katika mstari mmoja ulionyooka, vyote vya ukubwa uleule, kutoka kushoto kwenda kulia, na ndani ya kila chumba ninaandika tarakimu yake, kuanzia 1 hadi 10. Wachezaji wawili hukaa upande mmoja wa mstari, si kwa kutazamana, ili wote wazione tarakimu zikiwa zimesimama sawasawa. Kila mmoja ana kizibo chake cha rangi yake. Badala ya dadu tunarusha kizibo cha tatu: kikianguka kifudifudi ni hatua moja, kikianguka chali ni hatua mbili. Anayefika kumi kwanza ndiye mshindi, na mchezo wote huisha kabla mtoto hajaanza kutazama dirishani.

Mchezo huu sikuubuni mimi. Geetha Ramani na Robert Siegler waliujaribu nchini Marekani kwa watoto 124 wa shule za awali, wote wa familia zenye kipato kidogo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Watoto hao walicheza kwa vipindi vinne vya dakika 15 ndani ya wiki mbili, yaani saa moja tu kwa jumla. Kundi moja lilipewa ubao wenye namba na kundi jingine ubao wa aina ileile ambao vyumba vyake vilikuwa na rangi badala ya namba. Waliocheza kwa namba waliimarika katika kuhesabu, katika kuzitambua tarakimu, katika kusema ipi ni kubwa kati ya namba mbili, na katika kukisia mahali pa namba fulani kwenye mstari. Wiki tisa baadaye faida hiyo ilikuwa bado ipo. Waliocheza kwa rangi hawakupata faida hiyo. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la kuzingatia, kwa maana kundi la rangi nalo lilicheza, lilifurahi, lilisubiri zamu na lilishinda na kushindwa kama kundi la kwanza.

Siri iko katika maneno. Mtoto aliye kwenye chumba cha nne akipata hatua mbili, mazoea humvuta aseme "moja, mbili" huku akisogeza kizibo, na hapo mchezo huwa haumfundishi lolote jipya, kwa kuwa amerudia tu wimbo wake. Anapaswa kusema "tano, sita," kwa sauti, akigusa kila chumba anachopita. Akifanya hivyo anaiona tarakimu, anaisikia, anauhisi umbali wake kutoka mwanzo, na bila kujua ameshafanya jumla ya nne na mbili kwa kuendeleza hesabu kutoka pale alipo badala ya kurudi kwenye moja. Elida Laski na Siegler walilithibitisha jambo hili mwaka 2014 kwa ubao wenye namba hadi 100: watoto walioendeleza hesabu kutoka kwenye namba waliyosimamia walijifunza zaidi kuliko waliohesabu hatua zao kuanzia moja. Darasani kwangu kazi ya kulinda kanuni hii nimewaachia wachezaji wenyewe. Anayemsikia mwenzake akisema "moja" ana haki ya kumrudisha chumba alichotoka ili aseme upya, ila hana haki ya kumnyang'anya zamu, na niwaambie ukweli, hakuna mwalimu anayesikiliza kwa makini kama mtoto anayetaka mwenzake arudishwe.

Umbo la njia nalo lina uzito wake. Siegler na Ramani walipolinganisha ubao ulionyooka na ubao wa duara, mwaka 2009, ule ulionyooka ndio uliosaidia zaidi kujenga picha ya namba kichwani, na sababu yake haifichiki: kwenye mstari, namba kubwa zaidi ni ile iliyo mbali zaidi, ilhali kwenye duara kumi hukaa jirani ya moja. Kwa sababu hiyo siitegemei ludo kwa kazi hii, ingawa watoto wanaipenda kupita kiasi. Vyumba vyake havina namba, na njia yake huzunguka. Ninaitumia kwa jambo dogo tu, nalo ni kuzoea kuitambua sita ya dadu kwa jicho bila kuhesabu nukta. Mchezo wa nyoka na ngazi una namba hadi 100, lakini mbao nyingi zinazouzwa madukani huzipanga kwa kupinda: safu ya kwanza inakwenda kulia, ya pili inarudi kushoto, na mtoto aliyekuwa na 10 huikuta 11 juu ya kichwa chake badala ya kuikuta mwanzoni mwa safu inayofuata. Ni afadhali kuchora ubao wako kwenye boksi, kila safu ikianzia kushoto, ili 14, 24, 34 na 44 zisimame wima mahali pamoja na mtoto aone mwenyewe kwamba kupanda safu moja ni kuongeza kumi.

Kumi yenyewe ndiyo kikwazo cha pili, na hapa ninaishukuru trei ya mayai. Trei ya kawaida ya mayai 30 ina safu sita zenye mashimo matano kila moja. Ikatwe kwa mkasi kila baada ya safu mbili, nawe utapata vipande vitatu vyenye mashimo kumi kila kimoja, matano juu na matano chini. Hicho kipande ni chombo cha kufundishia ambacho vitabu vya walimu hukichora na maduka ya vifaa huuza kwa bei, nasi tunakipata bure kwa mama muuza chipsi. Mtoto akitia vizibo saba hahitaji kuvihesabu tena, kwa kuwa safu ya juu imejaa, hiyo ni tano, na chini kuna viwili. Akitazama nafasi zilizo wazi anaona pia kwamba bado vitatu ili ijae.

Kutokana na trei hiyo tunacheza mchezo wa kujaza. Wawili wanarusha dadu kwa zamu na kutia vizibo kwenye trei zao, lakini kabla ya kutia, mchezaji lazima aseme atafika ngapi na zitabaki nafasi ngapi. Akiwa na nane na dadu ikampa tano, ndipo utamu unapoanza. Viwili vinajaza trei, vitatu vinavuka kwenda kwenye trei ya pili: kumi na tatu. Nimemwona binti mmoja, mzito sana wa kuandika, akivishika vizibo vitano mkononi, akivitazama, kisha akavigawa viwili huku na vitatu kule hata kabla hajavisogeza kwenye trei, na akasema "kumi na tatu" kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jina lake. Hiyo ni njia ileile ninayotaka aitumie kwa 8 + 5 bila vidole. Alikuwa ameifikia kwa sababu trei haikumruhusu kutia kizibo cha tatu mahali ambapo hapakuwa na shimo.

Mchezo wa kikombe unafaa zaidi nyumbani, wakati mama anapika na mtoto anamzungukazunguka. Chukueni vizibo kumi na kikombe kisichopitisha mwanga. Mmoja anafumba macho, mwingine anafunika baadhi ya vizibo na kuacha vingine wazi. Aliyefumba anafumbua, anahesabu vilivyo wazi na kutaja vilivyofichwa. Vikionekana sita, ndani kuna vinne. Kisha mnafunua mhakikishe. Anzeni na vitano kama mtoto ni wa miaka minne au mitano, na ikiwa ndani ya nyumba kuna mtoto anayetambaa, vizibo, kete na gololi zote zihesabiwe na kurudishwa koponi baada ya mchezo, kwa kuwa vitu vya ukubwa huo humkaba mtoto mdogo akivitia mdomoni.

Sasa nije kwenye mdako, ambao naona tunauonea kwa kuuita mchezo wa wasichana tu. Kwa wasioujua: wachezaji huchimba kishimo kidogo mchangani na kutia vijiwe ndani yake. Mchezaji anarusha juu kijiwe kimoja cha kurushia, au ndimu, na kabla hakijashuka anavichota vijiwe vya shimoni nje kwa kiganja, kisha anakidaka. Anarusha tena, na safari hii anavirudisha vyote shimoni isipokuwa kimoja, ambacho huwa chake. Akimaliza mojamoja anaingia mbilimbili, ambapo kila mara huacha viwili nje, kisha tatutatu, na kuendelea. Akikosa kudaka, au akiacha idadi isiyo sahihi, zamu inahama. Kanuni ndogondogo hutofautiana kutoka mtaa hadi mtaa, na watoto wenyewe watakurekebisha ukikosea, lakini msingi wake ndio huo.

Tazama kilichomo ndani ya mchezo huu. Mtoto anapaswa kuvitambua vijiwe vitatu kati ya rundo kwa jicho la mara moja, kwa kuwa kijiwe cha juu hakimsubiri ahesabu. Anahesabu kwa makundi: mbili, nne, sita, nane. Na mwalimu akichagua idadi ya vijiwe kwa akili, kugawanya kote kumo humo shimoni. Mimi hupenda vijiwe 12. Mojamoja vinaisha, mbilimbili vinaisha kwa mara sita, tatutatu kwa mara nne, nnenne kwa mara tatu, na watoto wa darasa la pili huanza kuona kwamba mara tatu za nne na mara nne za tatu ni vijiwe vilevile. Ukifika tanotano mambo yanaharibika. Siku moja msichana aliyekuwa akicheza aliinua kichwa akaniambia, "Mwalimu, hivi viwili havina mwenyewe." Nilimwambia aandike chini, mchangani, kwa kijiti: 12, alama ya kugawanya, 5, ni 2, baki 2. Kabla ya siku ile baki lilikuwa neno la ubaoni ambalo wanafunzi hulinakili bila kujua linabaki nini na wapi. Niliwaachia kundi lile swali la kutafuta idadi ya vijiwe ambayo haitaacha baki hata kwa tanotano, na walihangaika nalo mapumziko kadhaa, wakianza na 15, wakaikataa kwa sababu ya mbilimbili, mpaka waliposhindwa kuvishika vijiwe vyote kiganjani.

Wavulana nao wana gololi, na bao linawafaa wote wanapofika darasa la tatu hivi. Bao kamili lenye mashimo 32 na kete 64 ni zito kwa mtoto, kwa maana hata kulianzisha kuna utaratibu wake wa nyumba, yaani shimo maalumu la kila mchezaji, na kete 22 zinazobaki mkononi mwa kila mmoja. Ila lipo bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili, na kwa mtoto kule kusambaza kete moja kwa kila shimo na kukisia itakapoishia ni mazoezi makubwa ya kuhesabu mbele kabla ya kutenda. Siliingizi darasani, kwa sababu mchezo mmoja unaweza kula kipindi chote.

Mchezo wa duka ndio wazazi wanaouelewa haraka kuliko yote, kwa kuwa unafanana na hesabu wanayoifanya wao. Tunapanga makopo matupu, boksi za viberiti, pakiti za chumvi na majani ya chai, tunabandika bei, na tunakata sarafu za karatasi ngumu za shilingi 50, 100, 200 na 500. Bei za kuanzia ziwe rahisi. Jambo ninalolisisitiza kwa darasa la pili ni namna ya kurudisha chenji. Mteja amenunua kitu cha shilingi 350 na ametoa 500. Muuzaji hafanyi hesabu ya kutoa kichwani. Anaweka shilingi 50 juu ya meza na kusema "mia nne," anaweka 100 na kusema "mia tano," kisha anamsogezea mteja alichokiweka, ambacho ni 150. Ndivyo wafanyavyo wenye maduka tangu hapo, na ndivyo mtoto anavyoelewa kwamba kutoa ni kutafuta pengo kati ya namba mbili, jambo ambalo mistari ya ubaoni hailionyeshi.

Lakini duka hilohilo ndilo lililonifanya niwe na tahadhari. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha uchunguzi walioufanya kwa watoto watano wa mji wa Recife, Brazil, wenye umri wa miaka 9 hadi 15, ambao walikuwa wakiuza bidhaa sokoni na mitaani. Walipoulizwa kama wateja wanavyouliza, watoto hao walipata asilimia 98 ya maswali. Walipopewa hesabu zilezile zikiwa namba tupu za kuandika na karatasi, walipata asilimia 37 hivi. Mmoja wao, mwenye miaka 12, aliulizwa bei ya nazi nne, kila moja kwa cruzeiro 35, naye akaanza na bei ya nazi tatu, 105, akaongeza ya nne polepole mpaka akafika 140. Alipopewa karatasi aandike 35 mara 4, alizidisha tano kwa nne, akaandika sifuri, akabeba mbili, akaijumlisha na tatu kabla ya kuzidisha, na jibu lake likawa 200. Kichwani mwake palikuwa na hesabu mbili zisizojuana.

India nako wamelikuta jambo la jamii hiyo, safari hii kwa watoto wadogo kama wetu. Moira Dillon, Elizabeth Spelke, Esther Duflo na wenzao walipeleka michezo ya hesabu katika shule za awali za Delhi zilizokuwa zikiendeshwa na shirika la Pratham, wakafuatilia watoto 1,540 wa shule 214, na ripoti yao ikatoka mwaka 2017. Michezo ilikuwa ya kulinganisha wingi na maumbo, na watoto walichezeshwa kwa miezi minne. Walinoa kweli uwezo wao wa kukadiria na kulinganisha, tena uwezo huo ukadumu zaidi ya mwaka. Walipoingia shule ya msingi, hata hivyo, hawakuwazidi wenzao katika hesabu za darasani, zile za tarakimu na alama. Wapo watakaosoma matokeo hayo na kusema michezo ni kupoteza muda. Mimi ninasoma tofauti: mchezo usiokuwa na tarakimu na maneno ya namba hujenga kitu cha kweli, lakini hakiendi chenyewe mpaka kwenye karatasi.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu kwamba hakuna mchezo unaoisha bila kalamu. Kwenye mstari wa vyumba kumi, kila mchezaji ana kipande cha karatasi, na baada ya kila hatua anaandika alipokuwa, alichopata na alipofika: 4 + 2 = 6. Mwanzoni ninaandika mimi wakiniamrisha, kwa kuwa vidole vyao bado vinapambana na penseli, na mchezo ukisimama kwa sababu ya mwandiko umekufa. Kwenye trei wanaandika 8 + 5, kisha chini yake 8 + 2 + 3. Kwenye kikombe wanaandika 6 + __ = 10 wakijaza pengo kabla ya kufunua. Kwenye duka muuzaji ana daftari la mauzo, na 500 − 350 huandikwa kando ya sarafu zilizowekwa mezani. Siku chache baadaye ninafanya kinyume: ninaandika ubaoni 9 + 4 na kuwauliza, "Huyu alikuwa na ngapi kwenye trei, na dadu imempa ngapi?" Mtoto anayeweza kusimulia mchezo kutokana na maandishi hayo ameshavuka, na sihitaji tena kumpa vizibo kwa hesabu za aina hiyo.

Karatasi hizo zimenisaidia pia mbele ya wazazi. Tangu mwaka 2015 madarasa mawili ya mwanzo nchini Tanzania yamejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mzazi anayefungua daftari jioni hutafuta alama za vema. Baba mmoja aliwahi kunijia akiwa na daftari tupu la wiki nzima, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, huyu analipiwa nauli aje kucheza?" Swali lake lilikuwa la haki. Nilimwonyesha karatasi za mchezo, nikamwomba amuulize mwanawe nane na tano ni ngapi, na amuulize amejuaje. Tangu hapo karatasi hubandikwa daftarini.

Wazazi wengine wana wasiwasi juu ya karata, kwa kuwa mitaani karata hutembea na kamari. Sibishani nao. Tunakata kadi zetu kutoka kwenye boksi, upande mmoja tarakimu na nukta zake, na tunacheza "nani mkubwa": kila mmoja anafunua kadi, mwenye kubwa anazichukua zote mbili. Wakishazoea wanafunua mbilimbili na kujumlisha. Kwa watoto wanaosoma shule za mchepuo wa Kiingereza, ninawashauri wazazi wacheze nyumbani kwa lugha wanayoitumia wakigombana na kucheka; wingi wa vizibo haubadiliki kwa lugha, na mtoto anayejua kwamba saba ni tano na mbili atalihamisha jina lake bila shida.

Darasa lenye watoto wengi mno kwa mwalimu mmoja linahitaji mpango, na sitajifanya kwamba ni jepesi. Sichezeshi darasa zima kwa mara moja. Safu moja inacheza sakafuni na nje kwenye kivuli, nyingine zinafanya kazi ya kuandika, na zinabadilishana kwa siku. Viongozi wa vikundi ninawafundisha kwanza, kando, mpaka waweze kusema kanuni bila kucheka. Kelele zipo. Vizibo hupotea, na kila Jumatatu huletwa vingine. Kuhusu kushinda, sijaona sababu ya kulifuta, ila michezo yangu yote ya darasa la kwanza inategemea bahati ya kizibo au dadu, ili mwepesi asishinde kila siku na mzito asijione mjinga.

Kuna mahali ambapo bado sijapata mchezo unaoniridhisha, napo ni kutoa kwa kukopa. Trei husaidia hadi kiwango fulani: mtoto mwenye trei mbili zilizojaa na vizibo vitatu, akitakiwa kutoa saba, anaona kwamba vitatu havitoshi, anafungua trei moja, na 23 − 7 inakuwa kazi ya mikono. Inapofika 40 − 17 wengi bado wanafanya vizuri. Lakini 300 − 148 inanishinda kuichezesha, kwa kuwa trei thelathini hazitoshi mezani, na nikibadilisha trei kwa noti za karatasi za mia moja, nusu ya darasa hurejea kwenye kanuni ya ubaoni na kuandika sifuri toa nane ni nane. Kwa sasa ninajaribu duka lenye benki pembeni, ambapo muuzaji hawezi kutoa chenji mpaka aende mwenyewe kuvunja noti ya mia apate kumi za kumi, kisha arudi tena kuvunja ya kumi apate mojamoja. Foleni ya benki inakuwa ndefu, na ninatafuta namna ya kuipunguza bila kumwondolea mtoto ile safari ya pili, ambayo naona ndiyo yenye somo.